Madogo waling'oa mchicha wakaacha miba: kisa cha matuta mawili ya shule

Naandika hiki kisa kwa walimu wenzangu wa kilimo na mtu yeyote anayefundisha vijana shambani, na nitakiandika chote kama kilivyokwenda maana uzito wake uko kwenye vitu vidogo vidogo ambavyo ukifupisha vinapotea.

Nafundisha sekondari moja upande wa Chanika, huku Dar pembeni ambako bado unakuta mtu ana eneo la kulima kidogo. Nyuma ya madarasa tuna bustani, matuta sita, maji ya kisima, na udongo wa kichanga ambao bila samadi haukupi kitu. Vuli iliyopita, mwezi wa kumi, tulimwaga mchicha kwenye matuta mawili. Nasema tulimwaga maana mchicha hapa watu wengi hawaupandi kwa mistari, unachanganya mbegu na mchanga mkavu unarusha kwa mkono alafu unafunika na udongo kiduchu. Mbegu ilikuwepo stoo, iliyobaki toka masika. Samadi tuliletewa na jamaa mwenye ng'ombe, mbichi, tukaichanganya kwenye matuta siku tatu kabla ya kumwaga.

Darasa lenyewe lilikuwa zuri. Kidato cha pili, vijana thelathini na kitu, wiki mbili nyuma nilikuwa nimewapa praktikali ya kutambua mazao na magugu, spesimeni ishirini zimepangwa mezani na namba zake, unapita unaandika jina, unaandika ni zao au gugu, unaandika njia ya kulidhibiti. Wengi walipata kumi na sita kwenda juu. Ndago walilijua, kongwe walilijua, kishona nguo ndo kabisa maana kila mtu kashawahi kutoka nacho kwenye soksi. Mchicha miba, lile gugu linalofanana na mchicha ila lina miba, pia ulikuwepo mezani, namba kumi na moja, na sikumbuki hata mmoja aliyeukosa.

Siku ya kumi na mbili toka tumwage nilikuwa na kikao, nikawaambia waende wakapalilie wenyewe. Nimerudi jioni nakuta matuta safi, yamejaa miche iliyoshonana vizuri, lundo la walichong'oa liko pembeni limeshanyauka kwa jua. Nikawasifu. Sikuinama kuangalia lile lundo, na hilo ndo jambo linaloniuma mpaka leo kwenye hiki kisa.

Wiki ya nne tukaenda kuvuna. Binti mmoja kashika shina chini karibu na udongo avute na mizizi kama wanavyofanya wauza mafungu, akatoa mkono haraka, kidole kina damu. Nikamshika mkono nikaangalia, mwiba umevunjikia ndani, mwembamba, rangi kama nyasi kavu. Nikainama kwenye tuta. Kila kiungo jani linapotokea kwenye shina kulikuwa na miba miwili imesimama, urefu kama nusu ya ukucha, na mashina mengi yana wekundu. Nikahamia tuta la pili, hivyo hivyo. Mchicha wenyewe tulioumwaga tulihesabu ukafika miche kumi na tisa kwa matuta yote mawili. Mengine yote yalikuwa mchicha miba, mwezi mzima tulikuwa tunamwagilia magugu.

Mwalimu mwenzangu alishauri wapewe adhabu kwa kufanya kazi kizembe. Mimi nikaona hapana, kwanza tujue ilikuwaje, maana watoto waliolitambua lile gugu mezani hawawezi kuliacha shambani makusudi, lazima kuna sababu kichwani mwao na hiyo sababu nimeipanda mimi.

Nikawakalisha chini ya mwembe nikawauliza, mlijuaje kipi ni mchicha na kipi ni gugu? Kimya. Alafu kijana mmoja, wala sio wale wa kunyoosha mkono kila saa, akasema: "Ticha, tuliona viko vya aina mbili, vyekundu vyekundu vingi na vya kijani vyeupe vichache, tukasema kilichopandwa lazima ndo kingi, gugu huwa linajipenyeza tu." Wenzake wote wakaitikia kwa kichwa.

Sasa hebu ikae hiyo hoja kidogo. Sio hoja ya mtu mvivu. Ni hoja nzuri kabisa na mara nyingi inafanya kazi, hata mkulima mzoefu akiingia shamba asilolijua anaangalia kilicho kingi na kilichokaa kwa mpangilio. Kwetu mpangilio haukuwepo sababu tulimwaga, kwahiyo wakabaki na wingi peke yake. Na wingi ungewapa jibu sahihi kabisa kama mbegu yetu ingeota inavyotakiwa. Yani walichokosea madogo kwenye kutambua mimea kilianzia kwenye ubora wa mbegu, na mimi haya mambo mawili nimekuwa nikiyafundisha kama mada mbili zisizojuana, moja muhula huu nyingine muhula ujao.

Ushahidi tukaupata kwenye daftari. Nilikuwa nimewapa kazi ya kukausha magugu kati ya kurasa, na dada mmoja siku ile ya palizi alichukua mche mmoja kwenye lundo akaubandika kwa selotepu akaandika chini "gugu namba 3, halijulikani". Nikaufungua pale. Mche wa kijani kibichi ulioanza kuwa njano kwa kukauka, shina jeupe bila wekundu hata kidogo, majani mawili yale ya mbegu, yanayotangulia kutoka, membamba marefu, na jani halisi la kwanza ncha yake imeingia ndani kama imekatwa na ukucha. Nilishuku ni mchicha wetu ila sikusema, nikawaambia tutahakiki.

Hapo ndo ikaanza kazi yenyewe. Swali lilikuwa, lile gugu limetoka wapi, na mchicha umepotelea wapi. Darasa zima lilishaamua kwamba aliyetuuzia mbegu katuchanganyia, wengine wakataka twende dukani Kariakoo tukadai hela. Nikawaambia mtuhumiwa hatuhukumu bila ushahidi, na watuhumiwa wako watatu: mbegu, samadi, na udongo wenyewe wa tuta.

Tukachukua mabeseni matatu ya zamani tukayatoboa chini. Mchanga tukauchemsha kwenye sufuria ya jikoni ya shule mpaka ukawa umeiva kweli, ili chochote kilichomo kife. Beseni la kwanza mchanga uliochemshwa tukaweka mbegu yetu ya stoo. La pili mchanga uliochemshwa tukachanganya na samadi iliyobaki, bila mbegu yoyote. La tatu udongo toka njia iliyo katikati ya matuta, ambako samadi haikufika. Yote juu ya meza moja, yanamwagiliwa kopo moja moja asubuhi na jioni.

Na pembeni tukafanya jaribio la uotaji. Tulihesabu mbegu 100 kwa ncha ya kijiti kilicholowa mate, maana mbegu ya mchicha ni kitu cha milimita moja tu, ukipiga chafya umezipoteza zote. Tukazipanga kwenye sahani juu ya tishu iliyoloweshwa, tukafunika na nailoni isikauke. Maabara za mbegu wanatumia mbegu 400, mafungu manne ya mia mia, ndo utaratibu wa chama cha kimataifa cha upimaji mbegu, ISTA, ambacho kipo toka 1924, na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, pale Morogoro ndo wenye kazi hiyo kwa hapa kwetu. Sisi mia moja ilitutosha kujifunzia.

Kabla ya kuziweka kwenye sahani nikawapa kioo cha kukuzia. Mbegu yetu ni ile ya rangi ya maziwa. Mbegu ya mchicha miba ni nyeusi inang'aa kama kichwa cha pini. Nikawaambia tafuteni nyeusi. Walichambua kijiko kizima, wakapata mbili. Mbili tu! Nikaona nyuso zinaanza kubadilika, kesi ya muuza duka ikawa inalegea.

Siku ya nne samadi ikaanza kusema. Beseni la pili lilitoka miche midogo myekundu kama vile mtu kamwaga kwa makusudi, na katikati nyasi mbili tatu. Beseni la udongo likatoa ndago na kongwe, na kimche kimoja tu chekundu. Beseni la mbegu likatoa vya kijani vichache, vimeachana, unavihesabu umesimama.

Yule dada akaleta daftari lake bila kuambiwa, akalilaza pembeni ya beseni la kwanza. Gugu namba 3 na mchicha wetu, shina lile lile, jani lile lile. Hakusema kitu, akachukua kalamu akafuta neno "gugu".

Kwenye sahani tulihesabu kila siku mpaka siku ya kumi na nne. Zilizopasuka zilikuwa 37. Hapa nikawasimamisha maana ndipo wengi tunadanganyika, mbegu kupasuka sio kuota. Tukaziangalia moja moja, sita hazikuwa na mzizi wa maana, kati ya hizo baadhi mzizi umeishia kwenye kidoa cha kahawia, nyingine zimejikunja tu hapo hapo. Hizo hazihesabiwi, shambani hazifiki popote. Ikabaki 31. Nikawapa hesabu ubaoni: ukitaka miche 100 kwa mbegu inayoota asilimia 80 unamwaga mbegu 125, kwa hii yetu ya asilimia 31 unahitaji kama 323. Sisi tulimwaga kwa kipimo cha mbegu nzima, kwahiyo mchicha ukatoka mwembamba na samadi ikajaza nafasi iliyobaki.

Na kwanini mbegu ilikufa? Sio muuzaji. Pakiti tulilifungua sisi mwezi wa tatu, tukatumia nusu, nusu tukaimimina kwenye kopo la siagi lenye mfuniko usiobana, likakaa kwenye shelfu ya juu stoo, chini ya bati. Mtu aliyeishi Dar anajua bati mwezi wa tatu likoje, na unyevu wa masika juu yake. Kuna kanuni ya Harrington wanayoitumia watu wa mbegu, kwamba kila ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, au joto kwa nyuzi tano hivi, maisha ya mbegu yanaongezeka mara mbili. Sasa geuza hiyo uone sisi tulikuwa tunafanya nini. Pakiti lenyewe lenye lebo, namba ya fungu na asilimia ya uotaji tulishalitupa, kwahiyo hata kujua ilikuwa inaota kiasi gani ilipotoka dukani hatukuwa na njia.

Samadi nayo tuliifuatilia mpaka ilikotoka. Nilienda na vijana wanne kwa mama mmoja mzee anayelima bondeni na anajua ng'ombe wote wa mtaa ule. Tukamsalimia shikamoo mama, tukamuonyesha beseni. Alicheka kwa huruma akasema, "Marahaba wanangu, hao ng'ombe si wanakatiwa majani haya haya ya bondeni? Miba hiyo inakatwa na mbegu zake. Ng'ombe hasagi zile, zinatoka kama zilivyoingia. Samadi bichi mimi siweki hata kwa dawa." Hiyo ndo sayansi yenyewe. Mbegu nyeusi ina ganda gumu, inapita tumboni kwa ng'ombe nzima, na kwenye udongo inaweza kulala miaka bila kuota ikisubiri nafasi. Ile ya maziwa imezoeshwa na wakulima vizazi na vizazi, ganda lake laini, inaota haraka, na inakufa haraka ukiitunza vibaya. Vijana walielewa pale kwa mama kuliko wangeelewa kwa ubao wangu wiki nzima.

Sasa upande wa kufundisha. Nimejiuliza sana ile praktikali ya spesimeni ishirini ilipima nini. Mchicha miba niliouweka mezani ulikuwa mkubwa, una maua, una miba ya kuonekana toka mlangoni. Shambani mtu anapalilia siku ya kumi, mmea una majani manne, hauna mwiba hata mmoja, hauna ua. Nilikuwa nawafundisha kumtambua mtu mzima alafu nawapeleka leba wakachague mtoto.

Na niseme wazi, kwa umri ule hata mimi kuna michicha siwezi kuitofautisha kwa macho. Kwetu rangi ilisaidia sababu aina tuliyomwaga ni ya kijani tupu, ila ukimwaga ile yenye wekundu huna pa kushika. Kwahiyo tulichobadilisha sio kuongeza majina ya kukariri. Tumeweka beseni la mfano. Siku ile ile tunayomwaga shambani, tunapanda mbegu 30 za pakiti lile lile kwenye beseni lenye mchanga uliochemshwa, linakaa kichwani mwa tuta. Anayepalilia akisita anang'oa mche mmoja anaupeleka kwenye beseni analinganisha: majani ya mbegu, rangi ya shina, ncha ya jani la kwanza. Ukifanana, wenzake wa aina ile wanabaki, usipofanana wanatoka.

Mikono pia. Ndago nawafundisha kwa kulizungusha shina kati ya vidole viwili, linagoma sababu lina pembe tatu, nyasi ya kawaida inazunguka. Kijana mmoja mjomba wake analima mpunga Ruvu akauliza ile nyasi inayofanana na mpunga shambani utaijuaje kabla haijatoa suke. Nikamwambia alete yote miwili. Jumatatu kaja nayo kwenye chupa ya maji. Ukilivuta jani nyuma taratibu pale linapoachana na shina, mpunga una kiutando cheupe kimesimama na vijisikio viwili vyenye manyoya, ile nyasi pale pamekaa patupu kabisa. Darasa zima lilipanga foleni kuangalia, kila mtu anataka avute jani lake mwenyewe.

Kulikuwa na ubishi wa mgagani pia, na nimeuacha uendelee. Niliuweka kwenye kundi la magugu, dada mmoja ambaye kwao Dodoma akakataa kata kata, bibi yake anaupika na anauza. Nusu ya darasa wakawa upande wake. Kitabu kinasema gugu ni mmea ulioota pasipotakiwa, kwahiyo jibu sahihi ni kuuliza umeota wapi na nani anautaka, na mimi kwenye karatasi yangu niliacha kisanduku cha tiki kimoja tu. Nimeondoa kisanduku nimeweka mistari mitatu ya kuandika.

Kwenye mbegu nimeacha kuwauliza "taja sifa za mbegu bora", maana wanazitaja zote, safi, haina wadudu, haijachanganyika, ina uotaji mzuri, alafu ukimpa viganja viwili anachagua inayong'aa. Mwezi wa pili niliwapa mahindi ya aina mbili, moja mbegu iliyotiwa dawa ya rangi na nyingine mahindi ya dukani ya chakula ambayo niliyapaka rangi mwenyewe. Karibu wote walisema zote ni mbegu. Na huo ndo utapeli wenyewe unaowaliza wakulima, nafaka inapakwa rangi inaitwa mbegu. Kwahiyo sasa kila kundi linaotesha kwanza, linahesabu, ndo linaruhusiwa kuandika neno zuri au baya. Na pakiti jipya likija hatulifungui kabla ya kusoma lebo na tarehe ya kupimwa, na kukwangua ile stika ya TOSCI kupata namba ya kuhakiki kwa simu. Zinazobaki zinakaa kwenye chupa inayobana, na mkaa mkavu kidogo chini, kwenye kabati la ofisi lisilo na jua. Pakiti linabandikwa kwenye chupa.

Nisichokuwa nimekimaliza ni marks. Yule kijana wa hoja ya wingi, mezani huwa anapata tisa kumi, majina ya kitaalamu yanampiga chenga. Nikimpeleka kwenye tuta hakosei, na ndiye wenzake wanamwita wakikwama. Nimeanza kutoa nusu ya alama za praktikali shambani, mmea ukiwa na siku kumi, na nusu mezani. Mwenzangu anasema tutawaponza kwenye mtihani mkubwa ambao haupimi hivyo. Naelewa hofu yake, tunaendelea kuongea.

Msimu huu tumemwaga tena mbegu mpya, sahani ilitupa 84. Samadi safari hii tumeilundika kwanza na majani makavu, tunalowesha, tunafunika na turubai, maana ikifika nyuzi 55 kwenda juu kwa siku kadhaa mbegu nyingi za magugu zinakufa, na kila baada ya muda lundo linageuzwa ili la nje liende ndani. Hatuna kipima joto kirefu, tunachomeka fimbo katikati ya lundo dakika kumi alafu tunaishika. Wiki ya kwanza fimbo ilitoka vuguvugu tu, tukaongeza maji na majani mabichi. Juzi yule binti aliyechomwa na mwiba ndo alikuwa zamu, kaichomoa akaiachia ikaanguka chini kwa moto, akaita wenzake waje na majembe kugeuza.